Vidokezo 15 kabla hujawachagulia wateja wako webimeli

Mwenye kampuni ya kuhosti tovuti anaweza kukesha akihamisha seva, akabadilisha diski, akaweka bekapu mahali pawili, na mteja asijue kama kuna lolote lililofanyika. Lakini kitufe cha "Tuma" kikihama kutoka kushoto kwenda kulia, simu zitaita kabla hujamaliza chai. Webimeli ni ule ukurasa wa kwenye brauza ambapo mteja anaweka anwani na nywila yake na kusoma barua pepe za ofisi, na katika huduma zetu zote ndiyo anayoigusa kila siku ya kazi. Tovuti yake anaweza kukaa miezi mitatu bila kuifungua.

Wateja wangu ni shule, SACCOS, mawakala wa forodha, hoteli ndogo za Zanzibar na wenye maduka ya vipuri Kariakoo. Wao ndio walionifundisha mengi ya haya ninayoandika. Yapo mengine niliyojifunza kwa kuumia.

1. Tazama tarehe kabla ya kutazama sura

Sura nzuri inavutia, na hakuna raha kama kumwonyesha mteja kitu kipya. Hata hivyo swali la kwanza liwe hili: toleo la mwisho limetoka lini, na tundu likionekana kesho nani ataliziba?

SquirrelMail ilianza mwaka 1999. Kwa miaka mingi ilikuwa kila mahali kwa sababu ni nyepesi na inafunguka hata kwenye kompyuta kuukuu ya mapokezi. Toleo lake thabiti la mwisho, 1.4.22, lilitoka Julai 2011, na bado nakutana na seva zinazoitumia. Baadaye ikaja RainLoop na sura ya kisasa, tukaipenda wengi. Aprili 2022 watafiti wa kampuni ya Sonar walitangaza tundu ndani yake: barua moja iliyotengenezwa kwa hila ilitosha kuiba barua za mtu aliyeifungua. Wenye programu hawakuwa wametoa kiraka. Watafiti wakawashauri watu wahamie SnappyMail, mradi uliochipuka kutoka RainLoop hiyohiyo.

Fungua ukurasa wa mradi, soma orodha ya matoleo ya miaka miwili iliyopita. Viraka vya usalama vinatoka? Taarifa za hitilafu zinajibiwa? Kazi inafanywa na watu kadhaa au na mtu mmoja tu, ambaye akiugua mradi umelala? Nusu saa hiyo itakuepusha na mwaka mzima wa majuto.

2. Wajue waliopo sokoni

Roundcube imeandikwa kwa PHP, ni programu huria, inaongea na seva yoyote ya IMAP, na mwishoni mwa 2023 iliingia chini ya mwavuli wa Nextcloud. cPanel, ambayo zamani ilikuja na Horde, Roundcube na SquirrelMail kwa pamoja, leo imebaki na Roundcube peke yake. SnappyMail ni nyepesi na haihitaji hifadhidata, kwa hiyo inakaa vizuri kwenye seva ndogo. SOGo inakuja na kalenda, kitabu cha anwani na ActiveSync ya kuunganisha simu. Wanaotumia mailcow wanaikuta humo tayari. Halafu kuna za kulipia kama Open-Xchange na Zimbra, zenye mambo mengi na bili inayokua kadiri masanduku ya barua yanavyoongezeka.

Kwa kampuni yenye wateja wadogo wengi, mimi naanza na Roundcube. Mteja akitaka kweli kalenda ya pamoja ya ofisi nzima, namwekea SOGo na kumtoza bei yake. Kumpa kila mtu kila kitu ni kujitafutia tiketi za bure.

3. Chagua ile unayoweza kuisasisha siku hiyohiyo

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo biashara inapofia.

Oktoba 2023 wadukuzi walitumia tundu la Roundcube kuwashambulia watu wa serikali kadhaa za Ulaya. Barua ilikuwa na picha ya SVG yenye msimbo uliofichwa, na mtu hakuhitaji kubonyeza kiungo wala kupakua kiambatisho. Kuifungua barua tu kulitosha. Juni 2025 likaja kubwa zaidi, CVE-2025-49113, lililokuwa limelala ndani ya programu kwa takriban miaka kumi. Lilimruhusu mtu aliyekwisha kuingia kwenye sanduku lake kuendesha amri kwenye seva yenyewe. Viraka vilitoka katika matoleo 1.6.11 na 1.5.10.

Wapo waliopumua waliposoma kwamba lazima mshambuliaji awe na akaunti. Kwa mtu anayehosti, hiyo si nafuu hata kidogo. Ukiwa na masanduku elfu mbili, hakuna siku ambayo huna nywila hata moja iliyoibiwa au inayofanana na jina la kampuni likifuatiwa na 123. Kikulacho ki nguoni mwako. Akaunti ya mwanafunzi wa mazoezi aliyeondoka mwaka jana inatosha kuwafungulia mlango wateja wote waliobaki.

Kwa hiyo jiulize: kiraka kikitoka Jumapili jioni, Jumatatu asubuhi kitakuwa kimeingia? Kama webimeli inakuja na paneli ya seva yako, je, paneli inaisasisha haraka au unasubiri wiki tatu? Kama umeiweka mwenyewe, nani zamu yake? Jiandikishe upate taarifa za matoleo mapya, tena kwa anwani inayosomwa na watu wawili. Na ukishamaliza kuiweka Roundcube, futa folda ya installer. Ukaguzi wa dakika moja, na nimeikuta imeachwa wazi mara nyingi kuliko ninavyopenda.

4. Kaa nusu siku na mhasibu

Usiwaulize mafundi wenzako peke yao. Nenda ofisini kwa mteja, kaa pembeni ya mtu anayeandika barua kutwa nzima, angalia mikono yake.

Mimi nilijifunza hili kwa simu moja: "Kaka, nimeandika barua ya benki ukurasa mzima, nikabonyeza Tuma, imeniambia niingie upya. Nimeingia, barua haipo." Nilikwenda kumwona. Huandika aya moja, huinuka kwenda kutafuta risiti kwenye kabati, hurudi na kuandika aya nyingine. Laptopu inalala, mtandao unakatika, muda wa kikao unaisha. Roundcube kwa mpangilio wake wa mwanzo inahesabu kikao cha dakika 10. Ukurasa ukiwa wazi na mtandao upo, unakirefusha wenyewe kimyakimya. Laptopu ikilala, hakuna wa kukirefusha. Rasimu nayo huhifadhiwa kila baada ya dakika 5, na dakika 5 kwa mtu anayeandika kwa kasi ni aya mbili nzima.

Tuliongeza muda wa kikao na kuhifadhi rasimu kila dakika moja. Umeme ukikatika sasa, anapoteza sentensi moja. Webimeli yoyote unayoifikiria, ijaribu hivyo: andika barua ndefu, zima Wi-Fi katikati, subiri robo saa, washa, bonyeza Tuma. Kinachotokea hapo kitakuonyesha mengi ambayo ukurasa wa sifa zake hauwezi kukuonyesha.

5. Jaribu kwenye simu ya bei nafuu, kwa bando lako

Usijaribu kwenye simu yako nzuri iliyo kwenye Wi-Fi ya ofisi. Chukua Itel au Tecno yenye kumbukumbu ndogo, weka bando, toka nje, fungua webimeli. Je, maandishi yanasomeka bila kukuza? Kidole kinafika kwenye kitufe cha kujibu? Kuambatisha picha ya risiti kutoka kamera kunawezekana? Roundcube ilipata sura inayojirekebisha kwa simu, iitwayo Elastic, kwenye toleo 1.4 la Novemba 2019. Seva ikiwa bado na sura za zamani, mteja wa simu anateseka bure.

Jaribu na Opera Mini pia. Wapo wanaoitumia ili kuokoa bando, na ikiwa kwenye hali ya kubana sana, kurasa zenye JavaScript nyingi huharibika. Isipofanya kazi, waambie wateja mapema watumie brauza ipi.

6. Kiambatisho: piga hesabu yote, si mstari mmoja

Mteja anaambiwa anaweza kutuma faili la MB 25, anapandisha la MB 12, linakataa. Anakuona mwongo. Tatizo ni kwamba faili linapita milango kadhaa, na kila mlango una kipimo chake. PHP kwa mpangilio wake wa mwanzo inakubali faili la MB 2 tu. Postfix, seva inayosafirisha barua, isiporekebishwa inakataa barua inayozidi baiti 10,240,000. Na faili likishafungwa ndani ya barua linanenepa kwa takriban theluthi moja, kwa hiyo la MB 12 linafika mlangoni likiwa na MB 16.

Amua kikomo kimoja, kirekebishe kwenye milango yote, halafu mwambie mteja namba iliyo chini kidogo ya hiyo. Chagua webimeli inayoonyesha kikomo pale pale mtu anapochagua faili. Mawakala wa forodha wanaotuma nyaraka za makontena zilizoskaniwa watakushukuru kuliko wote.

7. Ile info@ inayosomwa na watu kumi na wawili

Kwa nadharia kila mfanyakazi ana sanduku lake. Kwa vitendo, ofisi nyingi hapa kwetu zina info@, nywila imeandikwa kwenye karatasi chini ya kioo cha meza, na kila mtu anaingia humo. Unaweza kuwashauri, na uwashauri, lakini leo ndivyo ilivyo.

Sasa Dovecot, seva ya IMAP iliyo nyuma ya webimeli, kwa mpangilio wa mwanzo inaruhusu miunganisho 10 kwa mtumiaji mmoja kutoka IP moja. Watu wakiingia kupitia webimeli, mbele ya Dovecot wote wanaonekana wanatoka IP moja, ile ya seva ya webimeli. Miunganisho kumi ikiwa wazi kwa wakati mmoja, wa kumi na moja anaambiwa seva haipatikani. Anakata tamaa, anapiga simu, na unapojaribu wewe inafunguka, kwa sababu mwenzake ametoka kwenda kula. Nilihangaika siku mbili na hitilafu ya namna hii kabla ya kuitambua.

Ongeza kikomo, halafu mshawishi mteja ahamie kwenye folda za pamoja, kila mtu kwa nywila yake. Kabla ya kununua au kusimika, hakikisha webimeli yako inazionyesha folda za pamoja bila mtumiaji kuzitafuta kwenye mipangilio.

8. Usimfungie mlangoni bawabu wako mwenyewe

Katika mwaka wetu wa pili, Jumatatu moja saa 3 asubuhi, wateja wote walishindwa kuingia kwa pamoja. Outlook zilifanya kazi, simu zilifanya kazi, webimeli ilikataa kila mtu. Sababu ilikuwa mwalimu mmoja aliyesahau nywila yake likizoni.

Tulikuwa na fail2ban, programu inayofungia IP ya mtu anayekosea nywila mara kadhaa. Ilisoma logi ya Dovecot. Mwalimu alikosea kupitia webimeli, Dovecot ikaandika kwamba anayekosea ni seva ya webimeli, fail2ban ikaifungia seva ya webimeli. Mmoja amekosea, mamia wamefungiwa.

Dawa zake ni mbili. Weka IP ya seva ya webimeli kwenye orodha ya zisizofungiwa, halafu uielekeze fail2ban isome logi ya webimeli yenyewe, ambamo IP halisi ya mtu inaonekana. Ndiyo maana naangalia logi kabla ya kuangalia rangi: webimeli isiyoandika nani amejaribu kuingia, kutoka wapi na saa ngapi, siichukui.

Na kumbuka upande wa pili. Ofisi nzima, wakati mwingine wateja wengi wa mtandao mmoja wa simu, wanatoka nje kwa IP moja ya umma. Simu moja iliyosahaulika kwenye droo ikiwa na nywila ya zamani inaweza kuwafungia wote. Weka kipimo cha huruma kidogo: fungia kwa dakika chache, si kwa siku nzima.

9. Ipitishe mlango wa kawaida

cPanel inafungua webimeli kwenye mlango 2096. Nyumbani hakuna shida. Kwenye Wi-Fi ya hoteli, chuo au benki mlango huo mara nyingi umezibwa, na mteja aliye safarini anadhani umemzimia huduma. Mpe anwani ya webmail. mbele ya jina la kikoa chake, ipite mlango 443 yenye cheti halali. Anwani iwe moja, iandikwe kwenye ankara zako zote, na mwambie kwamba ukurasa wowote mwingine unaomuomba nywila si wa kwenu.

10. Vichujio lazima vionekane

Mama mmoja mwenye duka la vipuri, mteja wetu wa siku nyingi, alipiga simu: "Mwanangu, mbona barua za Guangzhou haziji tena?" Nilimwomba ruhusa, nikaingia kwenye mipangilio yake. Kulikuwa na kichujio kimoja ambacho jina lake ni nukta tu. Kilichukua kila barua iliyotoka kwa muuzaji wake wa China, kikaiweka alama kwamba imesomwa, kikaisukuma kwenye folda ambayo hajawahi kuifungua, na kikapeleka nakala kwenye anwani ya nje. Mwizi aliyeipata nywila yake alikuwa amekaa katikati ya mazungumzo yao. Siku mbili baadaye ikaja ankara yenye maneno yote ya muuzaji, ila namba ya akaunti mpya. Iliyomwokoa ni tabia yake ya kumpigia muuzaji simu ya video kabla ya kulipa.

Tangu siku hiyo, hiki ndicho kigezo changu kizito kuliko vingine vyote. Webimeli iwe na ukurasa wa vichujio ambao mtu wa kawaida anaweza kuufungua na kuusoma. Kwenye Roundcube ni plagini ya managesieve, inayokuja nayo lakini inabidi uiwashe. Webimeli inayoficha uelekezaji wa barua ndani kabisa ya mipangilio inamsaidia mwizi.

Upande wa seva, kila Jumatatu tunapitisha skripti ndogo inayotafuta neno redirect kwenye vichujio vya Sieve vya wateja. Barua zao hatuzigusi. Tukiona uelekezaji mpya kwenda nje, tunampigia mwenye sanduku na kumuuliza: "Hii umeiweka wewe?" Wengi husema ndiyo, na simu imeisha. Wale wachache wanaosema "ipi?" ndio tunaowatafuta.

Hakikisha pia webimeli inatuma barua kwa kutumia nywila ya mteja mwenyewe kwenye SMTP, isipite mlango wa ndani usiouliza nywila. Hapo ndipo utajua ni sanduku lipi limeanza kumwaga barua taka usiku wa manane, na utaweza kuliwekea kikomo cha barua kwa saa.

11. Hatua mbili, ila funga na dirisha

Uthibitishaji wa hatua mbili ni mzuri na mteja akiutaka umpe. Lakini ukumbuke kwamba nywila ileile inafungua IMAP moja kwa moja. Mwizi akiipata, hana haja ya kupita webimeli. Ataunganisha programu yake ya barua na kusoma kila kitu. Hatua mbili kwenye webimeli ziende pamoja na nywila za pekee kwa ajili ya simu na Outlook, la sivyo umefunga mlango na dirisha liko wazi.

12. Folda mbili za "zilizotumwa"

Simu hii utaipokea: "Barua nilizotuma jana hazipo." Zipo. Outlook yake imetengeneza folda ya Sent Items, webimeli inatumia Sent, simu yake imetengeneza Sent Messages. Chagua webimeli inayofuata alama za folda maalumu zinazotolewa na seva ya IMAP, na uziweke hizo alama kwenye seva kabla ya kumfungulia mteja wa kwanza. Kuunganisha folda za watu mia tatu baadaye ni kazi ya kuumiza mgongo.

Ukiwa hapo, tazama orodha ya lugha. Ukikuta Kiswahili hakimo au kimekaa nusunusu, kwenye Roundcube maneno mengi yamo ndani ya mafaili mawili ya maandishi, labels.inc na messages.inc, na unaweza kuyatafsiri mwenyewe. Tafuta katibu muhtasari, si fundi, akusomee tafsiri hiyo. Yeye ndiye atakayekuambia kama "Rasimu" inaeleweka na kama "Kasha toka" inamchanganya.

13. Plagini chache, nembo kwa adabu

Kila plagini ni mtu mwingine unayemtegemea asasishe kazi yake. Mimi nina tano: vichujio, kubadilisha nywila, kuweka barua kwenye kumbukumbu, kuripoti barua taka, kupakua viambatisho kwa pamoja. Zote hizo zinakuja na Roundcube yenyewe. Nembo na rangi za kampuni yako weka kwenye sura yako ya pembeni inayorithi ile ya asili, usiguse mafaili ya asili. Ukiyagusa, siku ya kiraka utakuwa na machaguo mawili mabaya: kupoteza nembo au kuahirisha kiraka.

14. Bekapu ya barua si bekapu ya webimeli

Barua ziko kwenye IMAP. Kitabu cha anwani, saini na mipangilio ya kila mtu, kwenye Roundcube, viko ndani ya hifadhidata yake. Ukihamisha seva ukabeba barua peke yake, wateja wataingia na kukuta anwani walizokusanya kwa miaka minane hazipo. Beba vyote viwili, na angalau mara moja kwa mwaka jaribu kurejesha anwani za mtu mmoja kutoka kwenye bekapu, uone kwa macho yako.

Hizo anwani na barua ni taarifa binafsi za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina yake ya 2019. Jua seva yako iko nchi gani na ni nani kati ya wafanyakazi wako anayeweza kufungua sanduku la mteja. Mteja wa hospitali au SACCOS atakuuliza, na jibu liwe tayari kwa maandishi.

15. Ziweke mbili pamoja, uone ipi inafunguliwa

Uzuri wa IMAP ni kwamba barua zinakaa kwenye seva, kwa hiyo webimeli mbili zinaweza kusoma sanduku lilelile kwa wakati mmoja bila kugombana. Usiache mbachao kwa msala upitao. Iache ya zamani ilipo, simika mpya kwa anwani ya pembeni, uwape wateja watano: mhasibu, mwalimu, mtu wa hoteli, wakala wa forodha, na yule anayelalamika kuliko wote. Wape wiki mbili. Usiwaulize ipi nzuri, maana kwa heshima watakuambia mpya. Fungua logi uone ipi wanayoifungua asubuhi bila kukumbushwa.

Watu wengine watakuja na ombi la kubadilisha webimeli kwa sababu barua zao zinaangukia kwenye taka za Gmail. Hao waelekeze kwingine: tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma barua, na dawa iko kwenye SPF, DKIM na DMARC za kikoa chao. Webimeli mpya haitawaponya.

Siku ya kuhama nayo ina wakati wake. Kuanzia tarehe 25 mpaka tarehe 7 usiguse kitu: ni mishahara, halafu ni kupeleka PAYE, na mhasibu asiyeiona barua yake siku hiyo hatakusahau. Sisi huhamisha Ijumaa ya katikati ya mwezi baada ya saa 12 jioni, watu wawili wakiwa zamu Jumatatu yake asubuhi, na anwani ya zamani tunaiacha inafanya kazi mwezi mzima.